Kiti Kilekile cha Bi Nyota

Mlioondoka wiki jana roho mkononi, zirudisheni kifuani tuendelee. Tulipoachana, mhudumu wa ukumbi wa daraja la biashara alikuwa ameinama mbele ya mgeni wake, tabasamu limemjaa uso mzima, akamwambia, "Karibu tena, Bi Nyota. Utakaa kiti chako kilekile?"

Kilekile! Na Bi Nyota hajapata kuukanyaga uwanja ule wa ndege tangu azaliwe.

Kwa wewe unayetuingilia leo, shika hili moja tu. Bi Nyota ni yule mwanamke anayezunguka dunia akikaa kwenye kumbi ambamo wenye tiketi za bei mbaya hungojea ndege, kisha anaandika kwenye jarida la safari ukumbi upi una viti vya kulalia na upi una viti vya kungojea daktari. Anagawa nyota, moja mpaka tano. Picha yake haijachapwa hata siku moja. Tiketi yake ina jina jingine, la baba yake. Hilo la Bi Nyota linaishi jaridani, na kazi yake yote imesimama juu ya siri hiyo. Siku wakimjua watamlambisha asali, na mtu aliyelambishwa asali hasemi tena kwamba chai ilikuwa baridi.

"Umeniitaje?" aliuliza.

Mhudumu akababaika. "Samahani, mama. Si ni wewe? Umeanza msalani, ukafungua bomba zote, kama siku ile. Umerudi, ukageuza kisahani ukakitazama chini. Halafu ukaomba chai ya rangi kwenye glasi, kwa sababu kikombe kinaficha uchafu."

"Na uso wangu unaukumbuka?"

"Hapana, mama. Siku ile ulivaa kofia na miwani myeusi. Tena sisi tumefundishwa tusiwakodolee wageni macho. Mgeni tunamkumbuka kwa anachokunywa."

Kabla Bi Nyota hajauliza jingine, meneja wa ukumbi akatokea mbiombio, tai imekwenda upande, kakumbatia boksi lililofungwa utepe. Akaketi bila kukaribishwa na kuanza kunong'ona kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mambo yako tayari, mama. Zile tiketi mbili za bure ulizotaka zimepita. Sasa na sisi tuonee huruma. Nyota tano, kama tulivyoelewana."

"Tiketi mbili?"

"Mbili, ndiyo."

"Ya pili ya nani?"

Meneja akakonyeza. "Ah, mama! Hayo sisi hatuulizi."

"Na siku ile hukuniomba hata kitambulisho?"

"Nikuombe kitambulisho wewe? Ili uninyang'anye nyota mbili hapohapo? Sina wazimu mimi!"

Mnaona ujanja ulipolala? Mwizi wa duka huulizwa risiti. Mwizi wa jina la Bi Nyota haulizwi kitu, maana kila meneja anaogopa kumuudhi Bi Nyota wa kweli. Ukitokea na kofia yako kichwani, ukajua kugeuza kisahani, ukumbi wote unakulamba miguu.

Bi Nyota alilisukuma boksi lile kwa kidole kimoja mpaka likarudi mapajani mwa meneja. Simu yake ikaita. Mhariri.

"Uko wapi?" Mhariri hana salamu akikasirika.

"Kazini."

"Kazi ipi? Ya kuandika au ya kuombaomba? Nimepigiwa na kumbi tatu leo. Wote wanasema Bi Nyota amepita, ameahidi nyota tano, ameomba tiketi za bure. Mmoja ananiuliza kama nyota sita hazipatikani!"

"Siyo mimi, mzee. Kuna mtu anatembea na jina langu."

"Kila mwizi ana pacha siku ya kukamatwa."

"Mzee, unanijua."

"Nilidhani nakujua." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Orodha ya kumbi bora za dunia inaingia mtamboni Ijumaa jioni. Kama ni kweli kuna mtu, niletee uso wake. Uso, si maneno. Usipouleta, jina la Bi Nyota nalifuta na wewe utafute kazi nyingine." Simu ikakatwa.

Jamani! Mwanamke huyu alianza kuandika akiwa hana hata begi la safari, akiazima la jirani. Jina lile amelijenga kisahani kwa kisahani. Sasa linakwenda kufutwa kwa sababu ya mtu mwenye kofia.

Akakaa, akafikiri. Kofia na miwani mtu yeyote atanunua. Lakini bomba za msalani? Kisahani? Glasi? Hayo hajayaandika popote. Yanajulikana na watu watatu tu, na wote watatu ni wake.

Wa kwanza ni huyo Mhariri mwenyewe. Ana mpwa wake aliyemaliza chuo, hana kazi, na kila kikao anasifiwa kalamu yake. Inawezekana.

Wa pili ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ana kibanda cha kuuza tiketi mjini, na safari zote za dada yake anazipanga yeye. Anajua siku, anajua ndege, anajua mpaka namba ya kiti. Inawezekana, lakini Mungu apishe mbali.

Wa tatu ni mumewe, fundi saa, mtu wa kuinamia meza kutwa nzima na kioo jichoni. Mume huyu hajawahi kupanda ndege. Anasema masikio yake hayawezi, yataziba na hayatazibuka. Kila mkewe akirudi safari, wao watatu hukaa mezani, yeye na mumewe na mdogo wake, akawasimulia mambo ya huko kwenye kumbi, nao wakacheka mpaka chai ikapoa. Huyu haiwezekani. Bi Nyota alimfuta palepale. Kisha akaona aibu, maana ukianza kushuku hupaswi kuchagua, akamrudisha.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Akashika simu.

Kwanza Mhariri. "Mzee, Ijumaa asubuhi namalizia ukumbi wa mwisho, ule mpya unaosifiwa. Halafu nimeongeza jaribio. Naagiza yai la kuchemsha, likifika nalirudisha jikoni, nione mpishi atanuna vipi."

"Mayai yako mpelekee mkeo," Mhariri alifoka, akasahau anaongea na mke wa mtu. "Mimi nataka uso!"

Wa pili, mumewe. Kwa mbali saa za kwenye karakana zilikuwa zinagonga, kila moja na wakati wake.

"Bibie! Umekula?"

"Nimekula. Ijumaa asubuhi namaliza, halafu narudi nyumbani. Ila sikia nilichobuni. Siku hizi nitaomba blanketi, nilinuse. Likinuka mtu, nyota inaondoka."

Mumewe akacheka. "Wewe mwanamke, iko siku utaninusa hata mimi."

"Kwani wewe una nini cha kunuswa?"

Akanyamaza kidogo. Kidogo sana. "Mafuta ya saa tu, bibie."

Mwisho, mdogo wake.

"Dada! Mbona sauti imekauka?"

"Uchovu. Nikuchekeshe? Nimepata jaribio jipya. Zile ndara wanazogawa, nitazivaa kinyume, ya kulia mguu wa kushoto. Mhudumu akinicheka usoni, namkata nyota."

"Dada wewe una vituko!" Akacheka, kisha akauliza haraka, "Na Ijumaa unafika asubuhi, siyo? Alhamisi utakuwa bado hukohuko uliko?"

"Kwa nini?"

"Ala! Nikuwekee hoteli, dada. Kwani vipi leo?"

"Hakuna kitu. Niwekee."

Hoteli ikawekwa, na Bi Nyota hakuilalia. Alikwenda kwa wakala mwingine kabisa, akapanga foleni, akanunua tiketi ya Alhamisi kwa mtu asiyemjua. Alijiona kama mke anayetoka nje ya ndoa. Angejua!

Alhamisi, jua halijapata joto, alikuwa ameshaingia ule ukumbi mpya. Alivaa ushungi na gauni la mikutano ya wazazi shuleni, akashika gazeti pana la watu wa hisa, akachagua kiti cha pembeni nyuma ya nguzo. Msalani hakwenda, ingawa alibanwa. Kisahani hakukigusa, ingawa vidole vilimuwasha.

Kazi ni kazi lakini, na jicho halina likizo. Kule kwenye baridi kuna ukumbi ambao sakafu ya bafu inapashwa moto, ila wahudumu wake ni baridi kuliko nje. Kule jangwani wameweka chemchemi katikati ya viti, inawarushia abiria matone mpaka pasipoti zinalowa. Kisiwani viti vinalaza watu kwelikweli, na ndege zinawaacha. Huu wa leo ulikuwa mzuri kupita yote. Zulia halitoi sauti, mkate una joto, hakuna kipaza sauti cha kukupigia kelele. Tena una desturi yake ya pekee: kila mgeni anaulizwa jina, linaandikwa kwenye kikadi, kinasimamishwa mezani pake, na mhudumu anamwita kwa jina hilo mpaka anaondoka.

"Nikuandike nani, mama?" mhudumu wa pale alimuuliza, kalamu mkononi.

"Subiri kidogo, mwanangu. Kuna mtu namngoja."

"Haina shida, mama. Nitarudi."

Akangoja. Wakaingia wafanyabiashara wenye simu mbilimbili. Akaingia mama mmoja akajaza mkoba vitafunwa kama anayehama. Bi Nyota akaanza kujicheka. Pengine Mhariri ana haki. Pengine kushuku ni ugonjwa, na yeye ameupata.

Mlango ukafunguka. Kofia. Miwani myeusi.

Mwanamke aliyeingia alitembea kwa mwendo wa Bi Nyota hasa, mkono mmoja kiunoni, shingo imenyooka. Bi Nyota alijiona anaingia mwenyewe.

"Nikuandike nani, mama?"

"Nisingependa kelele," yule mwanamke alinong'ona, lakini kwa mnong'ono wa kusikika. "Andika Bi Nyota."

Mhudumu nusura adondoshe kalamu. Kikadi kikaandikwa kwa herufi za kuringa, kikasimamishwa mezani. Kisahani kikageuzwa. Glasi ya chai ya rangi ikaombwa. Bi Nyota, nyuma ya gazeti, alijikaza kisabuni. Bado hajui ni nani. Yai, blanketi, au ndara?

"Na ndara tafadhali," alisema yule mwanamke.

Zililetwa nyeupe, laini. Akavua viatu. Ndara ya kulia ikaingia mguu wa kushoto, ya kushoto ikaingia wa kulia. Akainua uso kumtazama mhudumu kama atacheka, na alipoinua uso akaivua ile miwani aone vizuri.

Mdogo wake.

Loo! Macho yaleyale aliyokuwa akiyafuta machozi, leo yanang'aa chini ya kofia ya wizi. Bi Nyota aliuma midomo asipige ukelele. Amemvika sare za shule, amemlipia karo, amemfungulia kibanda cha tiketi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Alitoa simu, akaipenyeza pembeni ya gazeti, akabofya. Picha ikatoka safi, uso, kofia, kikadi na ndara kinyume. Mhariri alitaka uso, huo hapo. Kazi imepona.

Na katikati ya uchungu wote huo, mnajua alihisi nini? Nafuu. Alikuwa na aibu ya kuisema, lakini ni nafuu. Ni mdogo wake, basi. Yai halikuagizwa, Mhariri yu safi. Na blanketi halikuombwa. Fundi wake, maskini, kainamia saa zake huko, hajui hili wala lile, na mkewe amemtegea mtego kama panya! Roho ilimsuta. Akaandika ujumbe palepale: "Nisamehe, fundi wangu. Nilikushuku bure. Nikirudi nitakueleza."

Akabofya kutuma.

"Halafu," sauti ya mdogo wake ikasema, "naomba na blanketi."

Kidole cha Bi Nyota kilikuwa kimeshainuka. Ujumbe umekwenda.

Blanketi likaletwa. Mdogo wake akalikunjua, akalipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho kama mjuzi. Bi Nyota akatafuta kila njia ya kumtetea mumewe. Labda alimsimulia shemeji yake kwa mzaha tu. Labda mezani. Lakini tangu abuni la blanketi mezani hawajakaa, maana yeye mwenye meza bado yuko safarini.

Simu ikalia mlio mfupi.

Si ya Bi Nyota. Wala si ya mdogo wake, maana ya mdogo wake ilikuwa mkononi. Ni ile nyingine, iliyolazwa kifudifudi karibu na glasi, nyeusi, imefungwa kamba iliyokatwa kwenye mkanda wa saa wa ngozi. Kamba hiyo Bi Nyota aliishona mwenyewe.

Mdogo wake akaigeuza, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanaruka. Alikuwa anacheka.

"Mhudumu," aliita akifuta machozi ya kicheko, "ongeza glasi ya pili. Mume wangu alipitiliza msalani tulipoingia, anakagua bomba."

Mume wangu! Macho ya Bi Nyota yalikuwa kwenye ile kofia tu, aliyepita nyuma yake hakumwona! Akalifinya gazeti mpaka likatoa sauti. Mlango wa msalani ukafunguka, akatoka mwanamume anajifuta mikono kwa kitambaa cheupe, kavaa lile koti la kijivu ambalo mkewe alimnunulia uwanja wa ndege wa ng'ambo, akasema ni zuri mno kulivaa karakanani. Masikio yake mawili yalikuwa mahali pake, hayajaziba wala nini.

"Bomba ziko sawa," alisema akiketi, "ila sabuni ni majimaji. Unacheka nini?"

Mdogo wake akamsogezea simu. "Soma mwenyewe."

Fundi saa akaisoma kwa jicho lile lililozoea kutazama vitu vidogo. Uso ukamlegea. Akatikisa kichwa, akainua glasi yake.

"Maskini," alisema. "Hajui kitu."

Neno hilo lilimchoma Bi Nyota kuliko koti, kuliko simu, kuliko glasi mbili. Maskini! Simu yake ilikuwa bado mkononi, imeelekezwa kwao, na kiooni wamo wote wawili na kikadi chenye jina lake katikati yao. Picha hii ikifika kwa Mhariri, jina linapona. Picha hiyohiyo ikitoka, nyumba haipo tena, hakuna tena meza ya watatu, hakuna mdogo, hakuna mume. Angeweza kuituma ile ya kwanza tu, ya mdogo wake peke yake, akarudi nyumbani akajifanya hajaona. Wapo wanaofanya hivyo, na wanaishi.

Kidole kikasimama juu ya kioo.

"Mama," mhudumu alikuwa amerudi, mpole, kalamu mkononi na kikadi kitupu. "Mtu wako bado? Basi nikuandike wewe, maana hapa hatumwachi mgeni bila jina. Nani?"

Bi Nyota akabofya, picha ya wote wawili ikaenda kwa Mhariri. Kisha akalikunja lile gazeti mara mbili, taratibu, akaliweka mezani, akavua ushungi. Alipoongea hakunong'ona, na ule ukumbi usio na kipaza sauti ukamsikia mpaka jikoni.

"Andika Bi Nyota, mwanangu. Na kile kikadi cha meza ile kiondoe, hao ni familia yangu."

Glasi ya fundi saa ikaanguka kwenye zulia lisilotoa sauti.